Chakula cha Mwalimu Ntagwabira

Siku watu wa marehemu waliposhuka kutoka upande wa Minembwe, Émilienne aliamka akahamisha samaki. Kapu la ndagala kavu, alilotumiwa na mama yake kutoka Lweba, alilipeleka kwa jirani yake, Mama Roger. Likafuata chungu, kikafuata mwiko, ikafuata na ile sahani ya bati ambayo mumewe huipenda kuliko zote. Nyumba ikabaki na harufu. Akachoma majani ya mkaratusi, akafungua mlango na dirisha, akasimama katikati ya chumba akinusa kama mbwa wa mwindaji.

“Inanuka bado?” alimuuliza mumewe.

Anatole alisema inanuka moshi. Émilienne akajibu kwamba moshi si dhambi, akaenda kuazima chungu kipya cha kupikia maharagwe.

Wageni waliokuwa wanangojewa ni mama na kaka wa Mwalimu Ntagwabira, aliyekufa kwa kichomi mwezi uliopita na kuzikwa nyuma ya kanisa la misioni, hapa Fizi, kabla habari haijafika kwao. Walikuwa watu wa ng'ombe. Miaka ile ya hamsini, wazee wengi wa huko juu hawakula samaki, wala hawakutaka kukaa karibu na anayemla. Walisema mtu aliyekula samaki akinywa maziwa, ng'ombe aliyekamuliwa hukauka. Usiwacheke. Watu wa ziwani nao wana vyao wasivyokula, na ukiwauliza sababu watakuambia tu kwamba ndivyo walivyowakuta wazee.

Na wageni hawakuja mikono mitupu. Mchuuzi mmoja wa chumvi alikuwa ametangulia na habari kwamba wanamleta ng'ombe na ndama wake. Marehemu, likizo yake ya mwisho, alimwonyesha kaka yake ng'ombe huyo akasema, huyu ni wa Anatole, rafiki yangu, hata nikifa. Kwao, mtu uliyempa ng'ombe haitwi rafiki tena. Amekuwa ndugu.

Nyumbani mwa Anatole alikuwamo Marie, mtoto wa miaka miwili. Tangu surua imshike, tumbo lake lilikataa kila kitu chenye uzito, na shingo yake ilikuwa imebaki nyembamba mpaka mama yake alimfunga mgongoni kwa hofu. Mganga wa dispanseri alisema neno moja, maziwa. Ya kopo yalikuwako dukani kule Baraka, mji wa ziwani. Émilienne aliteremka mpaka kule, akachukua kopo, akaligeuza, akauliza bei, akalirudisha juu ya ubao huku mwenye duka akimtazama vidole. Mshahara wa Anatole, mwalimu wa misioni, ulikuwa wa kununua chumvi, sabuni na subira.

Kwa hiyo siku ile jambo lilikuwa jepesi kulielewa. Samaki akijulikana, ng'ombe anarudi mlimani.

“Baba Marie,” Émilienne alimwambia, “bakikuuliza, we nyamaza tu. Marehemu hatakukasirikia. Alikuwa anamupenda huyu mutoto.”

Anatole akakubali. Ni baba gani angekataa? Lakini alikubali huku roho ikimsuta, kwa sababu Mwalimu Ntagwabira alikula samaki miaka na miaka, na aliwala kwenye mkeka uleule ambao wageni wangetandikiwa.

Alianzaje? Alianza kwa ajili ya kazi. Ntagwabira alikuwa na sheria yake, ambayo hakuna misionari aliyemfundisha. Hakumgusa mtoto kwa fimbo, wala hakumwita mjinga, kabla hajala kwao. Kila mara masomo yalipofunguliwa alishika njia kwa miguu, akaenda kwa wakulima wa vilimani, akateremka kwa wavuvi wa Baraka na Lweba, akaketi na kula kilichopikwa. Wenzake walimcheka wakasema mwalimu wa juu ana tumbo la sadaka. Aliwaacha wacheke.

Anatole alikuwa kijana mdogo alipomwona anaingia kwa baba yake, Alphonse, mvuvi wa Baraka. Siku hiyo palikuwa na bugali na mkeke, samaki wa ziwani, wa kuchoma, basi. Alphonse aliona haya, akataka kukimbilia kuku wa jirani, na mwalimu akamkataza. Akanawa mikono, akaketi mbele ya samaki. Alimtazama kwa muda, na samaki naye akamtazama, maana samaki hafumbi macho hata akiiva. Kisha akala. Akatoka nyuma ya nyumba, akatapika, na Anatole alimwona. Akarudi, akanawa tena, akaketi palepale, akamaliza sahani.

Tangu siku ile Anatole hakuwa na mwalimu mwingine duniani. Alipokua akamuuliza kwa nini alijitesa vile, Ntagwabira alishangaa kuulizwa.

“Nikikataa chakula ya baba yako,” alisema, “utasikiliza hesabu yangu na masikio gani?”

Anatole alipohitimu alirudishwa Fizi kuwa msaidizi wake, na hapo ndipo alipofundishwa kufundisha. Mwaka wa kwanza alikuwa kijana wa viatu na rula. Ntagwabira aliingia darasani mwake, akaketi nyuma kabisa kwenye benchi la watoto, magoti yamefika kidevuni, akanyamaza asubuhi nzima. Walipotoka, Anatole alingojea asifiwe. Mzee akauliza swali moja: yule mtoto wa karibu na dirisha, kwao wanakulaka nini? Anatole hakujua. “Basi leo haukumufundisha,” akasema Ntagwabira kwa upole. “Ulisema tu mbele yake.”

Neno lile lilimuuma kwa siku nyingi. Baadaye likawa ndilo alilolishika kuliko yote aliyoandikishwa chuoni, na wale wawili wakaanza kwenda pamoja katika ziara za vyakula, wakirudi jioni wamechoka, wakibishana juu ya mama gani anajua kupika sombe, yale majani ya muhogo. Ntagwabira alikuwa mjane. Mkewe alifia katika uzazi na hakuoa tena. Anatole alipooa, mzee akawa mtu wa nyumbani. Alikuja bila kuitwa, akavua kofia mlangoni, akafunua chungu cha Émilienne kama mtoto wa pale. Alimwambia Anatole aache kumwita mwalimu, amwite kwa jina lake tu. Anatole alijaribu, ulimi ukakataa. Akaendelea kumwita Mwalimu, ila sasa jina hilo liliwachekesha wote wawili. Hao walikuwa wameshakuwa marafiki, na hakuna aliyeweza kusema ni siku gani ilianza.

Wageni walifika jua likiwa limepanda. Mbele alitangulia Gakunzi, kaka wa marehemu, mrefu, fimbo mabegani, akimwongoza ng'ombe mweusi mwenye paji jeupe. Nyuma alikuja mama yao, Nyirabahire, mwanamke mdogo wa mwili, aliyejua Kiswahili kwa kuuza siagi sokoni Fizi alipokuwa msichana. Majirani walijaa njiani kumtazama ng'ombe. Anatole aliwapokea kwa mikono miwili, akawapeleka kwanza kaburini.

Bi kizee hakulia. Alipiga magoti, akagusa udongo kwa kiganja, akauliza kama mvua ikinyesha maji yanatuama pale. Anatole akasema hayatuami, pana mteremko. Akaitikia kwa kichwa, akainuka. Gakunzi alikuwa amegeukia mlima muda wote huo.

Nyumbani Émilienne aliwatandikia mkeka uani, akaleta maharagwe na viazi katika chungu cha kuazima. Gakunzi alionja kwa heshima. Mama hakugusa. Walikuwapo Mama Roger, na Jacques, mzee wa kanisa, na majirani wengine waliojua vizuri kabisa nyumba hiyo inakula nini, na kila mmoja alikuwa ameshaamua kuwa bubu. Ujirani una faida zake.

Gakunzi akasimama. Alieleza ng'ombe yule alizaliwa na nani, na mama yake alizaliwa na nani, mpaka kwa ng'ombe aliyekuja na babu yao. Akasema leo kamba inatoka mkononi mwa Ntagwabira inaingia mkononi mwa Anatole. Lakini kabla haijaingia, wao hawakumwona mtu wao akiugua wala akizikwa, na wanataka kusikia aliishi vipi.

“Ndugu yangu hakukuwa na bibi,” akasema. “Alikuwa anakulaka wapi?”

“Hapa kwetu, yaya,” Anatole akajibu, akimwita kaka mkubwa kwa heshima.

“Alikuwa anakulaka nini?”

Mzee Jacques akakohoa. Mama Roger akainama kutazama vidole vya miguu yake. Anatole aliona Marie amelala mgongoni pa mama yake, kinywa wazi.

“Maharagi,” akasema. “Viazi. Sombe.”

“Siku zote?”

“Siku zote, yaya.”

Gakunzi alionekana kuridhika, akaanza kuifungua kamba ya ng'ombe aliyoifunga kiunoni. Hapo ndipo mama akasema, taratibu, bila kumtazama mtu, kama anayetaja bei ya siagi.

“Maharagi tu,” akasema. “Miaka yote ile. Mutoto niliyemukuza na maziwa, akakuja kula maharagi kwa bantu kama yatima. Njo maana kifua kilimushinda, hakukuwa na nguvu. Baba yake alikataa asishuke. Mi nilisema, acha aende afundishe batoto ya bengine. Basi ni mi nilimuua.”

Émilienne alimtazama mumewe, na macho yake yalisema hapana.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini Anatole hakujua kuwa ni fupi kiasi kile. Alikuwa amesema maneno machache tu, ya kulinda maziwa ya mtoto, na tazama yalivyofanya. Yule mzee aliyecheka mpaka machozi juu ya mkeka huu amekuwa maskini aliyekufa na njaa ugenini. Émilienne, ambaye hakuna siku aliyokosa kumwekea kipande kikubwa, amekuwa mwanamke wa kumlisha mgeni maharagwe siku zote. Na mama huyu angepanda mlima na kosa ambalo si lake, aishi nalo mpaka afe. Hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Angeweza kumnyamazia marehemu. Hakuweza kumnyamazia huyu aliyekaa mbele yake.

“Mama,” akasema, “nimekudanganya. Alikuwa anakula samaki.”

Akasimulia yote. Akasimulia habari za nyumbani kwa Alphonse kule Baraka, na mkeke, na kutapika, na kurudi kumaliza sahani. Akasimulia jinsi mzee alivyozunguka nyumba za watoto. Akasimulia na swali la mtoto wa dirishani. Majirani walimsikiliza kama habari mpya, ingawa nusu yao marehemu aliwahi kula kwao.

Gakunzi alingojea mpaka mwisho. Uso wake haukuonyesha hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

“Nani alimufundisha kula ile?” akauliza.

“Hakuna, yaya. Yeye njo alitufundisha siye.”

Gakunzi akaifunga kamba tena, akaizungusha mkononi. Alimshukuru Anatole kwa kumzika ndugu yake, akawaaga watu kwa adabu, akasema watalala kwa jamaa yao ng'ambo ya soko na alfajiri watashika njia. Wakaondoka, ng'ombe nyuma yao, ndama akirukaruka.

Watu walipotawanyika, Émilienne alikwenda kwa Mama Roger akarudi na kapu la ndagala kichwani, bila kulifunika, mchana mweupe. Akalitua mbele ya mumewe.

“Umesema kweli,” akamwambia. “Sasa umupikie Marie ile kweli, akunywe.”

Siku ile walikaa kama wapangaji wawili, kila mtu na upande wake wa nyumba. Alijaribu kujiambia kwamba Mwalimu angemsifu, lakini hata sifa hiyo haikumpa raha, kwa sababu Mwalimu hakuwa na mtoto wa kumnyima.

Asubuhi alikwenda kuwasindikiza. Mgeni husindikizwa hata kama ameondoka na hasira, na pengine huyo hasa. Walipanda, Gakunzi, ng'ombe na ndama mbele, mama katikati, Anatole nyuma. Alipogeuka alimwona Émilienne anakuja mbali kidogo na Marie mgongoni. Asubuhi alikuwa amesema ana kazi ya shamba, na njia hiyo haikuwa ya shamba lake.

Walipofika kijito cha mwisho kabla ya mlima kusimama wima, ambapo wasindikizaji hurudi, mama akamwambia Gakunzi angoje. Akamgeukia Anatole.

“Mwana yangu, nikuulize. Alikuwa anashiba?”

“Alikuwa anashiba, mama. Mpaka usingizi inamushika palepale anakaa.”

Émilienne alikuwa amefika. Pengine hakukusudia kusema, lakini kina mama wapishi hawawezi kuliacha swali kama hilo lijibiwe na mwanamume.

“Alikuwa anaombaka kichwa ya samaki,” akasema. “Nikisahau, ananuna kama mutoto. Ananyonya na mifupa. Mama, hapa kwangu hakulala na njaa hata siku moja.”

Bi kizee akamtazama Émilienne muda mrefu, akimpima kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka miguuni, kama mtu anayekutana na mkwe.

“Miaka hii ya mwisho,” akasema, “akirudi likizo namukamulia mi mwenyewe. Namupa. Ananusa, anarudisha. Anasema, mama, tumbo inaniuma. Mwaka huu tumbo, mwaka mwingine tumbo. Sikumwamini. Nilisema huyu amesoma, sasa anaona maziwa ya mama yake ni uchafu. Mara ya mwisho nilimuambia mbele ya bantu, kama umetukataa usirudi tena. Hakujibu. Akavaa kofia yake akashuka.”

Akageuka akatazama bondeni, walikotoka.

“Kumbe alikuwa anakula ile chakula yenu, na anaogopea ngombe zetu zisikauke. Alikuwa analinda ngombe zangu. Hakunikataa.”

Akaketi katikati ya njia, akajifunika uso, akamlilia mwanawe kwa mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani, kwa sauti kubwa, akimwita kwa jina la utotoni ambalo Anatole hakuwahi kulisikia. Anatole naye alilia, wala hakujificha. Rafiki yake alikuwa amelibeba jambo hilo kimya mwaka baada ya mwaka, akitoka kuonewa nyumbani kwao na kuja kucheka juu ya mkeka wake, na hakumwambia hata siku moja.

Gakunzi alisimama akimtazama mama yake. Alikuwa na kamba mkono mmoja na fimbo mkono mwingine. Akatafuta mti wa kufungia, hapakuwa na mti karibu, majani tu. Akamnyooshea Anatole kamba, kama mtu anavyompa yeyote aliye karibu amshikie, akaiweka fimbo chini, akainama akamwinua mama yake. Akampangusa uso kwa nguo yake. Akamsemesha kwa lugha yao, maneno machache, akamshika kiunoni na mkononi. Wakavuka kijito, wakaanza kupanda.

Anatole akamwita. “Yaya Gakunzi. Ngombe.”

Gakunzi alisimama, ila hakugeuka.

“Njia hii ni mubaya,” akasema. “Mama anataka mikono yangu yote mbili.”

Akapiga hatua, akasimama tena.

“Muache ndama anyonye kwanza, njo umukamue. Na ule mutoto, kama anakunywa maziwa, musimupe samaki. Ninyi bakubwa kuleni samaki yenu, maziwa muache, kama yeye.”

Fimbo yake ilikuwa bado imelala njiani. Anatole hakuthubutu kumwita mara ya pili. Wale wawili walipanda polepole, mmoja akimwegemea mwingine, na ng'ombe, alipoona wenyewe wanakwenda, akalia, akavuta kwa nguvu zote kuelekea mlimani. Anatole aliteleza. Émilienne akaja, akaishika kamba nyuma ya mikono yake, na wakamzuia pamoja.